Tuliacha kusikiliza mulima, tukaanza kungojea mesaji ya telefoni. Munaonaje?

#1 MwanaNdosho
Jambo bote. Naleta hii neno juu inanisumbua tangu juma iliyopita. Tulikuwa ku matanga ya bibi yetu, mama ya papa, kule Kibati, na bashamuka, bazee betu, bakaanza kuhesabu milipuko ya Nyiragongo, volkano ya huku Goma, yenye aliona na macho yake: 1977, 2002, 2021. Tatu. Na kila mara alirudi kulima pale pale.
Bibi alikuwa anaamka asubuhi, anatoka inje, anaangalia moshi ya Nyiragongo kabla hata ya kunawa uso. Akiona iko mingi ao rangi yake imegeuka anasema "leo mzee hakulala vizuri". Alikuwa anaongea juu ya ule mulima sawa vile unaongea juu ya jirani mwenye hasira ya karibu.
Sasa mimi. 2021, tarehe 22 mwezi wa tano, jioni, mbingu ya upande wa Kibati ikakuwa nyekundu. Kitu ya kwanza nilifanya haikukuwa kukimbia, haikukuwa kusali. Nilitosha telefoni mu mufuko nikangojea mesaji ya kunieleza kama nikimbie. Nikageuka nikaona jirani naye ameshika yake, na mama ya boutique naye, tulikuwa batu kama makumi mbili mu barabara, vichwa chini, na moto iko juu yetu. Kisha rezo ya telefoni ikakatika na hapo njo tukaanza kusikia woga.
Ile picha hainitoki. Naona telefoni ilichukua masikio yetu, na kanisa nayo ikamaliza kazi juu ilitufundisha kama mulima ni shetani ao ni fimbo ya Mungu, haiko tena jirani. Tumebaki batu benye banaishi chini ya volkano bila kuongea nayo. Ninakosea?

#2 Mwalimu_Fizikia
Pole sana kwa msiba ndugu. Umeandika vizuri lakini nakukatalia.
Tuanze na 1977, tarehe 10 mwezi wa kwanza. Hapo hakukuwa na telefoni, wazee walikuwa na hayo masikio unayoyasema, wengi walikuwa wakulima wa pale pale mlimani. Ziwa la lava lililokuwa juu ndani ya kreta lilimwagika lote kwa muda usiofika saa moja, lava yake ni nyepesi sana, inatiririka kama uji, kule juu kwenye mteremko ilikimbia hata kilomita 60 kwa saa. Nani anakimbia hivyo na mtoto mgongoni? Walikufa watu na ng'ombe na hata tembo.
2002 ndiyo mfano mzuri wa kukupinga. Kulikuwa na mwanasayansi wa huku kwetu, Dieudonné Wafula, mwenye vyombo vichache sana vya kupimia mitetemeko, na aliona mambo yanabadilika akaonya kabla ya tarehe 17 Januari. Vyombo vilisikia. Watu ndio hawakusikia.
Na 2021, hapa ndipo utashangaa, hata vyombo havikusikia kitu. Watafiti walirudi kuangalia rekodi zote wakaona dalili za maana zilianza kama dakika 40 tu kabla. Ukuta wa mlima ulipasuka, basi. Kwa hiyo telefoni yako isingekuambia kitu, na bibi yako Mungu amrehemu naye asingekuambia kitu.

#3 Dada_Keshero
Dakika 40?? Kutoka Keshero mpaka Sake na miguu na embouteillage ya magari ya ile usiku hata masaa tano haikutosha. Nilitembea na batoto babili na sufuria. Sijue juu ya nini nilibeba sufuria.

#4 Mama_Furaha
@Dada_Keshero mimi nilibeba biblia na chaja ya telefoni. Chaja! Na kuran (umeme) hakuna. Chakula nikaacha mu nyumba.

#5 Mtumishi_J
Shalom wapendwa. @MwanaNdosho pole na msiba. Lakini usitie kanisa lote kwenye gunia moja. Ni kweli wako watumishi walihubiri kwamba mlima ni shetani, mimi siko mmoja wao. Zaburi ya 104 inasema Mungu anaigusa milima nayo inatoa moshi. Mtunga zaburi hakuishi Goma lakini ukisoma ule mstari hapa kwetu jioni ukiangalia upande wa kaskazini, mwili unasisimuka.
Nitasema yenye niliona. Usiku wa 2021 tulikesha tukisali, watu kama mia mbili hivi, na lava ikasimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Haikuingia katikati ya mji. Mwalimu ataniambia ni mteremko, ni kiasi cha lava. Sawa. Mimi namshukuru yule aliyeweka mteremko.

#6 Kadutu_Boy
Mimi niko Bukavu naomba kuuliza na heshima yote mtumishi. 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikaunguza katedrali ya Mtakatifu Yosefu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaenda mpaka ziwani. Bale ba katedrali hawakusali? Na bale ba Buhene benye nyumba zao zilikwisha 2021, bo sala yao ilikuwa na rezo mubaya?

#7 Mtumishi_J
@Kadutu_Boy swali lako ni la haki. Sina jibu la kukurushia. Nilizika mtu wa Buhene wiki ile, na mjane wake aliniuliza hivyo hivyo, neno kwa neno.

#8 Mzee_Sake
Wanangu, niliona 1977 nikiwa kijana. Nataka kusaidia kidogo.
Wazee wetu hawakusema mlima ni jirani tu hivi hivi. Walisema roho za wafu waliokuwa wema zinaenda Karisimbi, kule juu kwenye baridi na theluji, na wale wabaya wanaenda kuungua Nyiragongo. Kwa hiyo huyu jirani alikuwa jirani wa kuogopwa. Mtu hakupanda kule ovyo, mtu hakutukana akiangalia ule upande. Heshima ile ilikuwa na kazi: watu hawakujenga popote. Leo nyumba zimejengwa juu ya lava ya 2002 yenyewe, wanavunja yale mawe meusi wanafanya msingi na ukuta. Sisemi ni dhambi, mtu atajenga wapi, vita imeleta watu wote hapa. Lakini sioni kama ni telefoni ilileta hiyo. Ni woga ulituondoka.

#9 Fil_Unilu
Niko mwanafunzi wa filozofia Lubumbashi, nafuata huu uzi tangu asubuhi, aksanti MwanaNdosho.
Kuna mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika mwaka 1967 akasema kitu kinachofanana na cha Mzee_Sake: kwamba Ukristo wa Magharibi ulipofukuza roho kwenye miti, mito na milima, binadamu akabaki bila wa kumuomba ruhusa, akaanza kukata na kuchimba bila woga. Mwanzo 1:28, mkaitiishe nchi, mkatawale. Na kilichofuata ni mashine. Lakini huyo huyo White hakusema watu waache dini, alisema wamwangalie Fransisko wa Assisi, yule aliyeita jua kaka na maji dada, na mwaka 1979 Papa Yohane Paulo wa 2 akamtangaza Fransisko kuwa msimamizi wa wanaotunza maumbile. Kwa hiyo bibi ya Kibati na Fransisko wangeelewana bila mkalimani.
Hata Tempels, yule padri Mbelgiji aliyekaa huku Katanga, kitabu chake kilichotoka hapa mjini 1945 kinasema kwa Mubantu kila kilichopo ni nguvu, na nguvu zinagusana. Wengi wamempinga, na wana sababu, aliongea kwa niaba yetu. Ila hilo neno nguvu, ukisimama chini ya Nyiragongo, unalitupaje?

#10 MwanaKatuba
Ah Unilu beko na maneno murefu 😄 Miye niko wa Katuba, minatoka mu famille ya Gécamines, ile kampuni ya migodi, papa alitumikaka kule miaka makumi tatu. Shiye huku hatuna volkano, mulima yetu tulijijengea. Ule terril mweusi karibu na mumbunda, ile bomba murefu ya moshi, ni kifusi ya mashine tangu 1911, balimwaga, balimwaga mpaka ikakuwa mulima, na bantu banaiweka ku foto sawa alama ya muji. Mumbunda yenyewe iko na metre 153. Zamani mumbunda ikitosha moshi bamama banafurahi, juu moshi ni mushahara, ni posho, ni masomo ya batoto. Ikiacha kutosha moshi nyumba yote inanyamaza.
Sasa ona. Bibi ya Ndosho alikuwa anaangalia moshi asubuhi juu ya kuogopa. Mama yangu alikuwa anaangalia moshi asubuhi juu ya kutumainia. Moshi yetu ilikohoza batoto, tulijua, na tuliipenda. Kama beko na filozofi ya ile, mutulete.

#11 MwanaNdosho
@MwanaKatuba hii imenipiga. Kumbe hata mashine mutu anaweza kuiangalia sawa jirani.

#12 Abuu_Kasongo
Salaam. Mimi Muislamu, kwetu Kasongo, nakaa Birere. Mnataja Mwanzo tu, niongeze kutoka upande wetu. Sura ya Al-Ahzab aya ya 72, Mwenyezi Mungu alizitolea amana mbingu na ardhi na milima, zote zikakataa kuibeba, zikaiogopa, na binadamu akaibeba. Na aya inamaliza kwa kumwita dhalimu na mjinga.
Mimi hiyo aya nimeisikia toka mdogo lakini niliielewa 2021, niko barabara ya kwenda Minova na mke na mama mzee ndani ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, naangalia nyuma. Mlima ulikataa amana. Mlima hauna hesabu ya kutoa, unalipuka na hauna dhambi. Sisi tuliobeba ndio tutaulizwa: mlijenga wapi, mlimsaidia nani njiani, wale waliopandisha bei ya usafiri usiku ule. Kwa hiyo swali la mlima ni shetani au fimbo naona limekaa vibaya, mlima uko nje ya kesi.

#13 Dada_Keshero
Mama mzee ndani ya chukudu 😭 Mungu akubariki. Na mutu aandike siku moya juu ya chukudu, mbao na mpira ya pneu na misumari, haina mafuta haina rezo, ile usiku njo teknolojia yenye ilitumika.

#14 Mwalimu_Fizikia
@Dada_Keshero kabisa. Na iligunduliwa na watu wa huku, hakuna aliyetuletea.
@Abuu umesema vizuri. Ila mlima kuwa nje ya kesi kunanifurahisha kama mwalimu wa fizikia kuliko unavyodhani.

#15 Kadutu_Boy
Kama mulima iko inje ya kesi basi tuongee juu ya zile hazilipuke. Tarehe 4 mwezi wa 5 2023, Kalehe, Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya nne, siku ya soko ku Nyamukubi, batu bamejaa. Mvua ikanyesha, mito ikashuka na mawe na matope, zaidi ya batu 400 bakakufa, na wengine hawakupatikana mpaka leo. Shemeji yangu alikuwa na meza ya samaki pale soko. Hatukumuona.
Radio moya ikasema ni mapenzi ya Mungu. Ingine ikasema ni hali ya hewa ya dunia. Nilienda pale kisha siku tano nikaangalia ile milima ya juu: iko uchi. Miti ilikwisha kwa makala na mashamba. Hakuna mutu alifanya na roho mubaya, kila mutu alikata muti moya juu ya kulisha batoto. Sasa nani abebe? Mungu? Bazungu na moshi yao? Shemeji mwenyewe alikuwa anachomea samaki na makala ya pale pale.

#16 Mama_Furaha
Ndugu Kadutu pole. Lakini hapa nitaongea juu miye njo nauzisha makala, Katindo, mwaka wa kumi na mbili huu.
Kila mara batu benye masomo bakianza kuongea juu ya maumbile inaishia ku gunia yangu. Najua makala mingi inatoka mu parke ya Virunga, parke ya zamani kuliko zote mu Afrika, 1925, najua, bananieleza kila siku. Gazi ya chupa bei yake unaijua? Kuran nayo, kuna bale benye iliingia mu nyumba yao kutoka barrage (bwawa ya umeme) ya Matebe na banapika na kuran, nafurahi juu yao. Kwetu kartie haijafika. Nikizima makala leo, kesho batoto balale njaa, na muti utakatwa na mwingine.
Na sala? Nasali kila asubuhi mbele ya kufungua gunia. Naomba Mungu anisamehe ile muti. Sijaambia mutu hii neno.

#17 Mtumishi_J
Mama, hiyo sala yako ni kubwa kuliko mahubiri yangu ya mwaka mzima.

#18 Fil_Unilu
Mama_Furaha hujakosea mahali. Nataka nirudi kwa telefoni ya MwanaNdosho kwa sababu kuna kitu tumekipita.
Mwanafalsafa Mjerumani Heidegger alitoa hotuba miaka ya 1950 juu ya teknolojia, akasema hatari yake haiko kwenye mashine yenyewe, iko kwenye namna inavyotufanya tuone vitu. Akatoa mfano wa mto Rhine: ukishaweka barrage, mto si mto tena, ni akiba ya kuran. Mlima ni akiba ya madini. Msitu ni akiba ya mbao. Na mwisho mtu naye anakuwa akiba ya nguvu kazi. Sasa angalia kwetu. Rubaya ni mlima au ni coltan, yale madini ya telefoni? Kolwezi ni mji au ni cobalt? Ile telefoni uliyoshika usiku ule kungojea ikuambie habari za mlima, ndani yake labda kuna kipande cha mlima mwingine wa Masisi, kilomita makumi kadhaa tu kutoka hapo ulipokuwa umesimama. Mlima mmoja unawaka, mwingine uko mkononi mwako na hujui.

#19 MwanaKatuba
Na Shinkolobwe usisahau. Njia ya Likasi pale. Uranium yenye ilifanya bombe ya Hiroshima 1945, mingi yake ilitoka mu ule udongo. Balimu bangapi bananifundisha histoire na hakuna hata moya alisema. Nilijua niko mukubwa. Bantu ba kule Japon bakakufa na udongo ya kwetu na shiye hatukuulizwa. Ukisema teknolojia iko na dini ao haina, miye naanzaka pale.

#20 Mwalimu_Fizikia
Nakubali Shinkolobwe. Lakini huyo Mjerumani wa Fil naomba nimlete Kivu tumwonyeshe ziwa.
Chini ya Ziwa Kivu, kwenye maji ya kina, kuna gesi iliyoyeyuka: kilomita za ujazo kama 300 za kaboni dayoksaidi na kama 60 za methani. Ziwa limelala juu yake kama kifuniko. Mwaka 1986 huko Kamerun ziwa Nyos, dogo sana ukilinganisha na letu, liliachia gesi usiku mmoja wa mwezi wa nane, watu zaidi ya 1,700 wakafa wamelala. Kivu ina watu milioni kadhaa kando yake. Sasa Wanyarwanda, ng'ambo pale Kibuye, wanavuta methani tangu 2016 na kutengeneza umeme, megawati 26 hivi. Wamelifanya ziwa kuwa akiba ya mafuta, sawasawa na alivyosema. Lakini kuitoa ile gesi vizuri ni kupunguza hatari pia. Hapa kutumia na kulinda vimeshikana, huwezi kuvitenganisha kwa hotuba. Ukiliheshimu ziwa kwa kuliacha, linajaa. Ukilitumia vibaya, ukarudisha maji ya kina mahali pasipofaa, unaweza kuvuruga kile kifuniko.

#21 Kadutu_Boy
Na barrage ya Ruzizi njo Rhine yetu. Mjerumani hakuwaza kama mto unaweza kulipiza: plastiki yote yenye tunatupa Bukavu inashuka mu ziwa, inaenda kukwama ku turbine za Ruzizi, kuran inakatika, kisha tunatukana kuran mu giza yenye tulijitengenezea na chupa zetu.

#22 Mzee_Sake
Hiyo ya Bukavu ni kweli, niliona kwa macho yangu chupa zimefunika maji kama mkeka, mtu angeweza kudhani ni nchi kavu.
Lakini Mwalimu, umetaja kaboni dayoksaidi halafu umepita. Sema mazuku, ile hewa inayoua mashimoni.

#23 Mama_Furaha
Mazuku niiseme miye, juu ilifika kwetu.
Dada yangu alikuwa anakaa upande wa Lac Vert, mu shimo kidogo, kiwanja cha bei ya chini. Mbuzi batatu bakakufa, moja moja, asubuhi, bila damu bila ugonjwa. Bakaita mutu wa maombi, akasema kuna mulozi. Pembeni kulikuwa bibi mujane, peke yake, macho mekundu juu ya moshi ya jiko. Muliona inaenda wapi. Baliandika jina yake mu sala. Batoto bakaanza kumutupia mawe. Kisha mutoto ya dada yangu, miaka mine, akafuata mpira mu ile shimo asubuhi mapema, akaanguka. Jirani mwanaume akafunga pumzi akaruka akamuvuta. Akapona. Mwanaume naye alilala siku mbili kichwa inamuuma.
Mpaka pale njo kijana mumoja wa chuo akakuja kueleza hewa mubaya ni nzito, inakaa chini, inajaa mu shimo usiku kama maji. Bibi mujane alikuwa ameishahama. Hatukumuona tena kumuomba musamaha.
Kwa hiyo MwanaNdosho, miye masikio ya zamani nayapenda lakini yalitaka kuua mutu.

#24 MwanaNdosho
Nimesoma mara mbili mama. Nakubali na nakataa kwa wakati moja.
Juu neno mazuku lilitoka wapi? Ni bashamuka. Balijua kama kuna mahali hewa inaua, balizipa jina, balikataza batoto, bibi yangu alikuwa ananionyesha: ukiona majani yamekauka duara na panzi bamekufa na ndege mudogo amelala pale, usishuke. Hakujua kaboni, alijua panzi. Yule mutu wa maombi njo hakujua panzi wala kaboni. Shida ilianza kwa mwenye alikuwa amepoteza ya zamani na hajapata ya mupya.

#25 Mwalimu_Fizikia
Hapa nakuunga mkono bila shaka. Wanasayansi wa Ulaya wakiandika juu ya hiyo gesi ya Goma wanaandika "mazuku", hawakutafuta neno lingine. Jina la kwetu limeingia kwenye vitabu vyao. Na zile dalili za bibi, majani makavu na wadudu waliokufa, ndizo wanazozitumia hata wao wakiingia uwanjani kabla ya kufungua chombo.

#26 Mtumishi_J
Nataka kusema kitu kuhusu mtu wa maombi wa Mama_Furaha. Sikuwa mimi, lakini ningeweza kuwa mimi. Miaka ya nyuma nilishaombea kiwanja hivyo, sikuuliza mbuzi walikufa saa ngapi, sikushuka kuangalia chini. Eliya mlimani Horebu, ulikuja upepo, ukaja tetemeko, ukaja moto, na Bwana hakuwamo. Akaja kwa sauti ndogo ya utulivu. Sisi tumezoea kumtafuta kwenye moto tu kwa sababu tunao karibu.

#27 Abuu_Kasongo
Mtumishi hapo tuko pamoja. Kuuliza mbuzi alikufa saa ngapi ni ibada.

#28 Dada_Keshero
Munisamehe nirudishe nyuma. Hamujajibu swali langu miye. Kama 2021 mashine hazikusikia, bibi hangesikia, sala hatujui, mara ingine nifanye nini?? Kwa juma moja magma ilipita chini ya muji, chini ya vitanda vyetu, chini ya ziwa, nyumba zikapasuka, na balitukimbiza kartie kumi tarehe 27. Tulirudi. Tuko hapa. Nalala na viatu karibu na mulango mpaka leo.

#29 Mwalimu_Fizikia
@Dada viatu karibu na mlango ndiyo ushauri ninaowapa wanafunzi. Na mjue njia mbili za kutoka. Na vyombo viwe vingi, vilipwe, viwe na intaneti, kwa sababu kabla ya 2021 msaada wa nje ulikatika na kwa miezi data haikuwa inatumwa vizuri. Dakika 40 ni kidogo, lakini 40 ni zaidi ya sufuri.

#30 Mzee_Sake
Mimi bado naangalia moshi asubuhi. Haijaniambia kitu cha hakika tangu nizaliwe. Naangalia tu, kwa sababu ukikaa na mtu mkubwa hivyo nyumba moja humpiti bila kumsalimu.

#31 Fil_Unilu
Mzee, hiyo niliitafuta kwenye vitabu miaka minne.

#32 MwanaKatuba
Fil anaanza kulia mu bibliothèque 😄 Lakini Mzee, miye siamini kusalimia inatosha. Papa alisalimia mumbunda kila asubuhi na mapafu yake njo ilimuua.

#33 Mama_Furaha
Mwalimu niko na ombi, kama haiko uzito. Dada yangu anataka kununua kiwanja kingine, upande ule ule, juu bei. Anasema hiki hakiko shimo sana. Unaweza kufika?

#34 Mwalimu_Fizikia
Nitafika mama. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaanza, maana mchana hewa inatawanyika na kiwanja kinakudanganya. Waambie wasishuke popote kabla sijafika. Nina kipimo cha kuazima, na tutafunga mshumaa kwenye mti mrefu tuushushe pole pole. Ukizimika, hapo tayari pameua, hakuna wa kwenda kuuokota.

#35 MwanaNdosho
Naja. Nitaangalia panzi.

#36 Mtumishi_J
Mama, ukiniruhusu nami nije. Nitasimama juu, na mti nitashika mimi.

#37 Mama_Furaha
Mukuje bote. Chai itakuwa. Ya makala.